Jirani wa Kilimia

Mshtarii niliijua kwa chaki miaka mingi kabla sijaijua kwa macho. Watoto wa darasa la sita katika shule yetu ya hapa Tabora mjini wananijua nilivyo. Nikiingia na ile chati ya mfumo wa jua, iliyochanika pembe na kushikiliwa na gundi, sitoki mpaka kila mmoja aseme. Ni sayari ya tano kutoka kwenye Jua. Ni kubwa kuliko zote, hata ukizikusanya nyingine ukazifinyanga tonge moja, bado yenyewe inazidi. Ni gesi tupu, huna mahali pa kukanyaga. Inajizungusha upesi mno, mchana na usiku wake kwa pamoja havifikishi saa kumi. Haiwaki yenyewe, inaurudisha tu mwanga wa Jua. Ina miezi mingi, na minne ni mikubwa kiasi cha kuonekana kwa darubini ya mkononi. Na kulizunguka Jua mara moja kunaichukua karibu miaka kumi na miwili ya kwetu.

Hilo la mwisho watoto hulisema harakaharaka kwa sababu kengele imekaribia na matumbo yanadai uji. Siku hizi siwaachii. Nawarudisha mpaka walitamke polepole, maana hilo ndilo nusura limnyang'anye baba yangu shamba.

Baba ni mkulima wa Puge, upande wa Nzega, kwenye njia ileile waliyoikanyaga wapagazi wa zamani. Babu yake alikuwa mmoja wao. Alibeba pembe za ndovu mpaka pwani akarudi salama, na baba hulitaja jambo hilo kila anapoona anaanza kushindwa katika mabishano. Mimi naishi Cheyo, hapahapa Tabora mjini. Kaka yangu yuko Urambo analima tumbaku, mtu wa maneno machache na pikipiki yenye kelele. Mama alipofariki, mzee alibaki nyumbani na dada yake, shangazi yetu, ambaye ndiye anayempikia.

Nyumbani kwetu kuna desturi moja ambayo sijawahi kuona mtu akiivunja. Mbegu haiingii ardhini mpaka mwenye nyumba atangaze kwamba Kilimia kimetoka. Kilimia, kwa asiyekijua, ni kile kikundi cha nyota ndogo zilizosongamana kama vifaranga wenye baridi. Kikionekana mashariki mara tu giza linapoingia, ujue msimu umefika. Mvua za kwanza za Novemba kwetu hazina ukweli. Zinanyesha siku mbili tatu, watu wanakimbilia majembe, halafu jua linawaka wiki nzima na mbegu zinaungulia udongoni. Ndiyo maana baba hakuamini mawingu wala redio. Aliamini Kilimia.

Nazikumbuka jioni hizo za utotoni. Baba na mama walitoka uani, wakasimama bega kwa bega kuelekea mashariki. Mama alimsogelea sikioni akanong'ona kitu, nami nikajua ni mambo yao ya mume na mke, nikaangalia pembeni. Kisha baba alikohoa, akatangaza kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani: Kilimia kimetoka. Kesho yake alfajiri tulikuwa shambani sote, mama ametangulia na kibuyu cha mbegu.

Mwaka wa kwanza bila mama, baba alitoka uani peke yake. Alitangaza kwa wakati, akapanda kwa wakati, na mahindi yakaja mpaka tukakosa pa kuyaweka. Tulipomsifu alituambia kwamba mwaka ule Kilimia kilikuwa na jirani. Nyota kubwa, nyeupe, imetulia, haimetimeti, inaonekana vizuri kuliko Kilimia chenyewe. Ukimwona jirani, alisema, ujue na mwenye nyumba yupo. Niliitikia tu huku naendelea kula.

Mwaka wa pili alichelewa. Majirani walipanda, yeye akangoja. Shangazi alimkumbusha mara mbili akafokewa. Alipotangaza ilikuwa Desemba, na mvua zilipokata mapema, mahindi yake yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Tulivuna mabua. Watu wa Puge hawakusema mbele yake, ila nyuma walisema sana. Mzee wa watu ameanza kuchanganyikiwa, tangu mke wake aondoke hajakaa sawa.

Kaka alikuja kutoka Urambo tukakaa kikao cha familia. Alizungumza kama mtu aliyekwisha kata shauri. Mzee amechoka, alisema, na shamba lisiloangaliwa litageuka pori. Kuna mtu wa mpunga mwenye trekta anatafuta ardhi ya kukodi, yuko tayari hata kesho. Baba aje Cheyo akae kwangu barazani, apumzike, ale. Alisema yote hayo kwa heshima, na kwa kweli hakuwa na nia mbaya. Ila baba aliyapokea kama kofi. Akasema bila kupandisha sauti:

"Siku mtakayoniweka barazani kungojea sahani, mniletee na sanda kabisa."

Nilijua hatanii. Namfahamu baba yangu. Kumtoa shambani ni kumzika akiwa bado anapumua, na nililisema hilo palepale, kaka akanikata jicho. Tulivutana mpaka chai ikapoa. Mwishoni kaka alikubali msimu mmoja tu, na akaweka sharti lake: Novemba isiishe kabla mbegu hazijaingia ardhini. Ikiisha, Desemba mosi anamleta mtu wa trekta. Nikasema sawa. Moyoni niliapa kwamba trekta hilo halitakanyaga pale, liwalo na liwe.

Novemba ilipokuwa imevuka nusu, shangazi alinipigia simu kwa sauti ya chini kama mtu anayejificha. Mvua zimeshika, alisema, majirani wote wamepanda, baba yako hataki hata kugusa jembe. Kila jioni anatoka uani, anasimama, anarudi ndani amenuna. Nilimwomba ampe simu. Baba aliniitikia marahaba kavukavu, na nilipomuuliza anangoja nini, akanijibu kama ananifundisha mimi darasa la kwanza: nyota yake bado haijatoka.

Nilitoka nje na simu sikioni. Ilikuwa saa moja na nusu jioni, na kwa bahati umeme ulikuwa umekatika Cheyo nzima, anga ni jeusi tii. Niligeukia mashariki. Kilimia kilikuwa pale juu ya paa la jirani, wazi kabisa, wala hakikuhitaji kutafutwa. Nikamwambia, mbona kimetoka baba, mimi hapa nakiona. Akasema hapana, jirani yake hayupo, na Kilimia hakiwezi kutoka bila jirani yake. Nikamuuliza huyo jirani yukoje. Akarudia yaleyale: mkubwa, mweupe, ametulia, hametimeti.

Nyota humetameta. Kisichometameta ni sayari, na hilo nimewaambia watoto wa watu mpaka sauti imekauka. Niliaga, nikaingia ndani, nikawasha tochi ya simu na kuikunjua ile chati juu ya kitanda. Sayari kubwa na nyeupe namna ile, ikitoka mashariki jioni, ni Mshtarii tu; basi mwaka ule wa kwanza ilipita karibu na Kilimia. Lakini sayari haikai. Kwa kuwa inamaliza mzunguko kwa miaka kumi na miwili, kila mwaka inasogea sehemu moja ya kumi na mbili ya anga, na kwa hiyo kila mwaka inachelewa kuchomoza jioni kwa mwezi mmoja na siku kadhaa. Mwaka wa kwanza Novemba. Wa pili Desemba. Nikahesabu kwa vidole mara mbili, nikitumaini nimekosea. Mwaka huu ingetoka jioni mwezi wa Januari.

Baba alikuwa hajachanganyikiwa hata kidogo. Alikuwa anafuata alama yake kwa uaminifu kuliko mtu yeyote Puge nzima, ila alama yenyewe ilikuwa inatembea. Nilicheka, halafu nikajikuta nalia. Kisha nikapangusa uso na kuanza kufikiri, kwa sababu Novemba haikuwa inanisubiri.

Ijumaa baada ya vipindi nilipanda basi la Nzega. Mkobani nilikuwa na chati na darubini niliyoazima kwa jirani yangu, mstaafu wa idara ya wanyamapori, ambaye alinikabidhi kama ananikabidhi mtoto mchanga. Nilifika Puge jua likiwa bado lipo. Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda uani. Nilipiga magoti nikamwamkia, akanishika kichwa, akauliza shule imefungwa au nimefukuzwa. Nikasema nimekuja kwa ajili ya nyota yake.

Nilianza kwa kosa la walimu wote, yaani maneno mengi. Nilichora duara vumbini kwa kijiti, hili Jua, hii Dunia, hii Mshtarii huku mbali. Nikamweleza ukubwa wake, gesi yake, miezi yake. Alisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza. Halafu akasema babu yake alikwenda pwani na kurudi kwa nyota hizohizo, hakupotea hata siku moja, na kama nyota zingekuwa zinahama kama ng'ombe waliofunguliwa, basi yeye asingezaliwa na mimi nisingekuwepo kuja kumfundisha. Shangazi alijifanya anapepeta mchele ili tusimwone anacheka.

Giza lilipoingia, anga la mashariki lilikuwa safi, mawingu yako mbali. Kilimia kikatokeza. Nikasema, baba, achana na jirani, mwenyewe huyo hapo, mtazame. Nikanyoosha mkono.

"Namwona," baba akasema.

Lakini alikuwa anatazama kusini, juu ya zizi, ambako hakukuwa na chochote. Nilisimama pale na mkono wangu hewani. Ndipo nikakumbuka mengine niliyoyaona tangu nifike bila kuyatilia maanani. Shangazi hakumpa kikombe, alimwekea mkononi na kumfunga vidole. Kwenye chakula baba alilitafuta bakuli la mlenda kwa ncha za vidole. Nilipomwamkia aligeuza uso pale tu niliposema. Niliyaangalia macho yake kwa mwanga wa koroboi. Yalikuwa na ukungu, mtoto wa jicho pande zote mbili, na sijui tangu lini. Kilichokuwa kikubwa na cheupe alikiona bado. Vinyota vya Kilimia vilikuwa vimemtoka zamani.

Nilitaka kusema. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini kumwambia mzee mbele ya dada yake kwamba haoni kungekuwa kumvua nguo, na baba yangu akiaibishwa hugeuka jiwe. Nikameza. Nikasema tu nimechoka na safari, nikaingia kulala. Kulala kwenyewe hakukuwa kulala. Nilikuwa napanga. Kama alikuwa anaona nyota moja tu, basi ushahidi wangu lazima utoke kwenye nyota hiyohiyo moja, na kwenye jambo analolijua yeye, si la kwenye chati yangu.

Baba huamka saa kumi na moja alfajiri, siku zote, hata asipokuwa na kazi. Nilimkuta nje ananawa uso. Nikamshika mkono, nikamsogeza katikati ya ua na kumwomba atazame juu. Si mashariki, juu.

Alitazama. Nikamwona anavyokunja uso, halafu anaukunjua. Mshtarii ilikuwa imesimama juu kabisa ya nyumba, nyeupe, imetulia, haikuwa na mshindani. Baba alitabasamu kama aliyekutana na rafiki sokoni.

"Ndiyo yenyewe," akasema. "Sasa inafanya nini hapa alfajiri?"

Nilimuuliza swali. Wakati wa kupanda, Kilimia kikiwa kimetoka mashariki jioni, alfajiri yake kinakuwa wapi? Alinishangaa kwa swali la kitoto namna ile. Kinazama, akasema, upande wa Urambo kule, kila mtu anajua, kinalala tunapoamka. Nikamuuliza, na jirani yake je, si angekuwa anazama naye?

Baba aligeuka magharibi, akarudisha uso juu, akageuka tena magharibi. Jogoo aliwika zizini na baba hakusikia. Kwa sababu nilihitaji kufanya kitu na mikono yangu, nilitoa darubini mkobani nikaielekeza juu. Ili isiyumbe, niliegemea nguzo ya jiko. Na pale, pembeni ya ule mwanga mkubwa, nikaviona vidoa vinne vimejipanga mstari mmoja. Miezi yake. Miaka yote ile nimeichora ubaoni kwa chaki, na ilikuwepo kweli, juu ya jiko la shangazi yangu. Nilijisikia kupiga kelele lakini haukuwa wakati wake.

"Imehama," baba akasema.

Nikasema ndiyo baba, imehama, na wala haijapotea, iko kwenye njia yake. Mwaka jana ilichelewa kama mwezi, mwaka huu inachelewa mwingine. Ukiingoja jioni utapanda Januari. Alikaa kwenye kigoda taratibu, akitanguliza mkono. Aliuliza jambo moja tu: itarudi lini kwa Kilimia? Nikamwambia karibu miaka kumi na miwili tangu ule mwaka alipoiona pale. Alitikisa kichwa, akaomba chai.

Siku nzima alinoa jembe lililokwisha nolewa. Mchana kaka alipiga simu kutoka Urambo kuniuliza kama mbegu zimeingia, nikamwambia bado, akanijibu kwamba basi mtu wa trekta amekwisha jiandaa na yeye si mtoto wa kuchezewa. Nikamwambia mwezi haujaisha. Nikakata. Shangazi akaniuliza tufanye nini, nikamwambia tungoje jioni, na kwa kweli nilikuwa sina mpango mwingine. Nilikuwa nimempa kila nilichokuwa nacho. Kama angekataa, ningechukua jembe mwenyewe nikapande, anilaani akitaka.

Jioni mawingu yalijaa mashariki. Jua lilizama, giza likaingia, hakuna nyota hata ya dawa. Niliketi kwenye ngazi nikiyatukana yale mawingu kimoyomoyo. Ndipo baba akatoka ndani. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, sijui kwa nini. Alikuja akasimama katikati ya ua kuelekea mashariki, akaniita kwa mkono. Nikasimama ubavuni pake. Tulikaa hivyo muda mrefu, mbu wakitufaidi. Hatimaye mawingu yalipasuka kidogo, kipande cha anga kama kitenge kikabaki wazi.

"Unakiona?" akaniuliza, kwa sauti ya chini sana.

Nikamwambia nakiona.

"Nyota ngapi?"

Nilizihesabu kwa uangalifu, maana niliona kwamba swali hili halikuwa la kawaida. Nikasema sita.

Baba alipumua. Nilihisi bega lake linaegemea langu, uzito wake wote.

"Mama yako naye alikuwa anasema sita," akasema. "Mimi macho yangu hayajawahi kuziona zote. Hata ujanani niliona wingu tu. Yeye ndiye aliyekuwa anaona. Mimi nilikuwa natangaza."

Niliona tena zile jioni za utotoni, mama akimsogelea sikioni, na mimi nikiangalia pembeni. Maisha yao yote ya ndoa alikuwa anamwambia kilichoko angani, kisha anarudi nyuma na kumwachia atangaze. Alipoondoka, baba akabaki peke yake uani na wingu lile, na badala ya kumwomba mtu, akatafuta nyota kubwa ambayo angeiona mwenyewe. Nilimpenda siku ile kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Akakohoa. Akanyoosha mgongo. Na kwa sauti ileile ya zamani, ambayo nilidhani imezikwa na mama, akatangaza Kilimia kimetoka. Mbwa wa jirani wakabweka. Kutoka nyumba ya pili mtu aliuliza, kwa kejeli kidogo, mzee, ndiyo unaamka? Baba akamjibu kwamba yeye alikuwa macho muda wote, ila alikuwa anaangalia pasipo penyewe.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Shangazi alitaka twende misa kwanza, baba akasema Mungu atatukuta shambani. Alinitolea kibuyu cha mama kutoka uvunguni mwa kitanda, kimefungwa kwenye kanga yake, akanipa.

"Tangulia," akasema.

Nikatangulia. Yeye alifuata na jembe akichimba kwa kuhisi mstari na mguu, nami nikitia mbegu na kumwambia kushoto kidogo, kulia kidogo, hapohapo. Hakukasirika. Shangazi alifukia nyuma yetu akiimba za kanisani ili Mungu asije akasahau tulipo. Saa nne yule jirani wa kejeli alikuja na plau na ng'ombe wake bila kuitwa, akasema kazi ya mikono mitatu itatufikisha Krismasi. Jumatatu sikwenda shule. Nilimpigia mwalimu mkuu nikasema nina jambo la familia, na halikuwa uongo. Jumanne jioni punje ya mwisho iliingia udongoni na Novemba ilikuwa bado haijaisha. Nilimpiga picha baba amesimama kwenye matuta, miguu imejaa tope, nikamtumia kaka bila maneno. Alijibu neno moja: sawa. Kwa kaka yangu hiyo ni hotuba.

Mvua iliyofuata haikuwa nzuri sana wala mbaya sana, lakini mahindi yaliyopandwa kwa wakati yanajua kujitetea. Pasaka kaka alikuja Puge na pikipiki yake. Baba hakumkaribisha ndani. Alimshika mkono akampeleka shambani, akamsimamisha katikati ya mahindi yaliyompita kimo, akamwacha hapo. Mimi na shangazi tulichungulia kutoka jikoni. Kaka alizunguka peke yake kwa muda, akavunja hindi moja, akaligeuzageuza. Aliporudi aliketi, akala mahindi ya kuchoma matatu mfululizo, na habari ya trekta haikutajwa tena. Alichosema ni kwamba hospitali ya mjini wanatoa mtoto wa jicho, na kwamba atampeleka mzee yeye mwenyewe. Baba akasema sawa, ila baada ya kuvuna.

Jioni ile tulikaa uani wote wanne. Mshtarii ilikuwa juu angani, imetulia kama kawaida yake, na baba aliinua uso akaitafuta mpaka akaipata. Kilimia kilikuwa kinashuka magharibi. Nilimwambia kilipo, akaitikia bila kujifanya anakiona.

"Yule jirani wangu," akasema, "ulisema atarudi kwa Kilimia baada ya miaka kumi na miwili?"

Nikasema ndiyo, ila sasa hivi imebaki kama tisa hivi.

Kaka alicheka chini chini. Baba ana miaka yake, na kila mmoja wetu pale alipiga hesabu bila kutaka. Yeye mwenyewe nadhani aliipiga kabla yetu. Aliendelea kutazama juu, mikono juu ya magoti, vumbi la shamba bado kwenye kucha.

"Haya," akasema. "Nitaisubiri. Ila kupanda sitaisubiri tena."